Kambare Mkubwa wa Nzula

Mwezi wa sita, ukungu huingia Riruta kabla watu hawajaamka. Hupanda kutoka kijitoni, hupita kati ya mabati, kisha hukaa uani kwenye kamba za nguo kama mgeni asiyejua kuaga. Nzula aliipenda saa hiyo. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimba hiyo ilimfanya mtu wa ndoto. Aliweza kushika kikombe cha chai mpaka kikapoa, akiutazama ukungu tu. Ukimwuliza anawaza nini, hajui.

Katika ukungu huo ndimo mumewe, Mwendwa, alimotokea kila asubuhi. Mwendwa alikuwa soja, mlinzi wa usiku katika nyumba ya tajiri mmoja kule Muthangari. Alirudi kwa miguu, koti la kazi limemfika magotini, na mkononi samaki.

"Leo nimeshika baba yao!" alisema asubuhi moja, akiinua kambare mwenye masharubu marefu kama mzee wa baraza. "Huyu ni wako, Nzula. Wewe na mtoto."

"Huyu wote? Na nyinyi je?"

"Mimi na mama tutakula hawa wadogo. Mkubwa ni wa mwenye mimba."

Nzula alicheka, na moyo wake ukajaa. Mimba yake ya kwanza iliharibika mwaka wa juzi, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Safari hii sista wa kliniki alimpima akasema damu iko chini. "Kula mayai, maharagwe, samaki," sista alimwambia. Mwendwa alilishika neno moja tu, samaki. Tangu siku hiyo, jioni akienda kazini aliacha ndoana kadhaa katika bwawa la machimbo. Hilo lilikuwa shimo la zamani la kuchimba mawe ya kujengea, ambalo maji ya kijito yalikuwa yamelijaza. Asubuhi akirudi alizipitia ndoana zake.

Shida ni kwamba katika nyumba hiyo hapakuwa na mtu aliyekulia mahali pa samaki. Kwao ni Kitui, na pale kijijini kwao samaki alikuwa kitu cha kusimuliwa. Kwa hiyo walijitungia sheria zao. Samaki akiwa na macho maangavu, ni mzima. Paka akila asitapike, ni salama. Akiwa mkubwa, ni mtamu, tena ana nguvu.

Na mama yake Mwendwa, Kanyiva, aliyekuja kumtunza mkaza mwanawe, aliongeza sheria yake mwenyewe. Alimchemsha samaki, akamwaga maji ya kwanza, kisha akamchemsha upya kwa nyanya na vitunguu.

"Hata mboga chungu za porini tunazifanya hivi," alisema. "Ubaya wote unatoka na maji ya kwanza."

"Ndiyo, mwaitu," Nzula alijibu, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Akala. Nyama ilikuwa laini, nayo ilimyeyukia mdomoni. Mchana alipolala aliota yuko chini ya maji ya kijani, na mtoto wake anaogelea mbele yake, anamwita.

Katika chumba cha pili cha ploti hiyo ya kupangisha alikaa Nyawira, binti kutoka Kinoo. Alikuwa fundi wa maabara ya chuo mjini. Jumamosi moja alitoka nje kufua akamkuta Kanyiva akimpasua kambare karibu na bomba.

"Mambo, mama. Haki hiyo samaki ni kubwa! Imetoka wapi?"

"Mwendwa ameitoa pale machimbo."

Nyawira aliacha kufua. Alitazama beseni, akamtazama paka aliyekuwa akingoja matumbo. "Mama, si uniachie ini? Tafadhali, paka asile."

"Ini la samaki?" Kanyiva alicheka. "Kwani mshahara umekwisha?"

"Si la kula. Nataka kuliuliza swali."

Mwendwa alikuwa ameketi mlangoni akivua viatu. "Ini linaongea, sista?"

"Linaongea sana. Niambie, Mwendwa. Pale Muthangari, ukipita ukute lango moja liko na soja mmoja, na la jirani liko na masoja kumi, utasema nini?"

"Huyo wa masoja kumi ameona wezi," Mwendwa alijibu bila kufikiri.

"Na wewe umeona mwizi?"

"Sijaona. Lakini hakuna tajiri anaandika masoja kumi bure."

"Sasa hapo umefika. Ndani ya ini la samaki kuna protini fulani. Jina lake ni refu kama treni, metalothionini. Kazi yake ni kushika metali ambazo zimezidi mwilini, kama zebaki. Zebaki ikiingia, ini linaandika masoja wengi. Mimi kwa maabara nahesabu masoja."

Nzula alikuwa amesimama kando ya kamba ya nguo, mkono tumboni. "Zebaki ndiyo gani?"

"Ile metali inayong'aa ndani ya kipimajoto cha hospitali, ile inayokimbia kama maji. Hata zile taa ndefu za mrija ziko nayo kidogo. Hujaona vile watu wanamwaga taka kule juu ya machimbo?"

Wote walikuwa wameona. Mirija ya taa iliyovunjika, betri, vipimajoto, takataka za kila aina zilitupwa ukingoni, na mvua ikaziosha hadi bwawani.

Nyawira alieleza polepole. Zebaki ikikaa katika tope la maji yaliyotulia, vijidudu huigeuza ikawa ya aina inayoingia upesi katika miili ya viumbe. Funza wa maji huila. Samaki mdogo hula funza wengi. Kambare hula samaki wadogo, mwaka baada ya mwaka, na zebaki haimtoki upesi.

"Kwa hivyo yule mzee na mkubwa..." Nzula alianza, asimalize.

"Ndiye huwa nayo nyingi kuliko wote," Nyawira alisema kwa upole. "Na mama akiila, inaweza kupita hadi kwa mtoto. Inasumbua ubongo unaojengwa. Mtoto anaweza kuchelewa kukaa, kuchelewa kuongea, hata kusikia vibaya."

Mwendwa alisimama na kiatu kimoja mguuni. "Wacha kwanza. Hiyo samaki inaruka ukiitoa majini! Macho yake ni safi. Paka anakula kila siku, na huyu hapa amenona. Sasa mgonjwa ni nani?"

"Zebaki haina harufu, haina ladha, haibadilishi macho ya samaki. Na sijasema iko. Nimesema tupime."

"Na mimi namwaga maji ya kwanza," Kanyiva alisema, kama mtu anayeweka karata yake kubwa mezani.

"Mama, hii imeshikana na nyama yenyewe. Haitoki na maji. Haitoki hata ukichoma, hata ukikaanga."

Kanyiva aliweka kisu chini, akalisogeza beseni mbali na paka.

Nyawira alichukua ini na kipande cha nyama ya kambare mkubwa, kisha ya mmoja wa wadogo. Aliviweka katika chupa ya chai iliyojaa barafu. Siku ya pili alipita kwao Kinoo, akachukua samaki wa bwawa la Muchiri, mfugaji wa samaki aina ya ngege, ili awe na wa kulinganisha. Alimwomba Nzula asile samaki wa machimbo mpaka majibu yatoke.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Nzula lilikuwa na mtu ndani. Wiki mbili zilipita kama ukungu usiopanda wala kushuka. Njaa ya mimba haina adabu. Siku ya nne alikuta sufuriani kipande cha mkia wa kambare walichobakiza Mwendwa na mama yake, akakila amesimama, upesi, asionwe na mtu. Kisha akakaa kitandani akalia. Alijiona mwizi, na aliyeibiwa ni mtoto wake mwenyewe. Usiku huo aliota tena maji ya kijani. Mtoto alikuwa mbele, naye Nzula akamwita kwa jina. Mtoto hakugeuka. Aliogelea tu, polepole, kana kwamba hakusikia.

Nyawira aliporudi na majibu, hakuketi. "Ini la kambare mkubwa limejaa masoja," alisema. "Kuliko wa Muchiri mara sita. Lakini masoja peke yao hawatoshi kumtaja mwizi. Wanaandikwa pia kwa metali zingine, kama shaba. Kwa hivyo tulipima zebaki yenyewe kwa nyama." Alipumua. "Iko. Imepita kiwango kinachoruhusiwa. Kwa yule mdogo iko kidogo. Kwa samaki wa Muchiri ni kama hakuna."

Mwendwa alikaa chini, pale pale kwenye saruji. Kazi yake ilikuwa kukesha ili mwizi asiingie nyumbani kwa watu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Nzula kilikuwa sahanini, tena kimeletwa na mkono unaompenda.

"Mimi ndio nilikuwa namchagulia mkubwa," alisema. "Kila siku. Mkubwa kuliko wote."

"Hukujua," Nzula alimwambia.

"Si nilikuwa nasema ni ya mtoto?"

Nzula alimshika bega. Alikuwa na hasira, naam, lakini hakujua amkasirikie nani. Kisha akakiri habari ya mkia. Hakuna aliyemgombeza.

"Sasa tumechelewa?" aliuliza.

"Hiyo pia inapimwa," Nyawira alisema. "Nywele zinakumbuka kile ulikula. Kila mwezi zinaota kama upana wa kidole kidogo."

Kanyiva mwenyewe ndiye aliyefumua misuko ya Nzula. Nyawira alikata nywele chache kutoka kisogoni, karibu na ngozi, akazifunga kwa karatasi. Majibu yake yalikuja baada ya siku nane. Zebaki ilikuwa imepanda juu kuliko inavyotakiwa, lakini haikuwa imefika pale pa kutisha. Nyawira alimwandikia sista wa kliniki barua ili amfuatilie kwa karibu.

"Kuna dawa?" Kanyiva aliuliza.

"Dawa ni kuacha kuongeza. Mwili unaitoa wenyewe, pole pole. Kila miezi miwili hivi, karibu nusu inaondoka."

Kanyiva alitafakari, kisha uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza wiki hizo. "Kumbe mwili nao unamwaga maji ya kwanza."

"Hapo sasa mama umesema! Lakini usiache kula samaki, Nzula. Mtoto anahitaji samaki, na damu yako inahitaji chakula. Kula mdogo, wa maji safi, mara mbili kwa wiki. Siku zingine mayai na ndengu."

Mwendwa alizitoa ndoana zake machimboni. Lakini watu wengine bado walivua pale, na mmoja wao alikuwa na mke mjamzito vilevile. Basi asubuhi akitoka kazini, Mwendwa alisimama ukingoni na koti lake, akamweleza kila mwenye ndoana habari ya masoja wa ini. Walimcheka kwanza. Kisha Nyawira akaja na karatasi za majibu, nao wakaacha kucheka. Mwezi wa tisa wapangaji walikwenda kwa chifu. Ukingo ukazungushiwa waya, kibao cha kukataza uvuvi kikasimamishwa, na mirija ya taa na vipimajoto vikawekewa pipa lake lenye kifuniko, mbali na maji. Bwawa lenyewe halikupona. Nyawira alisema tope hukumbuka kwa miaka mingi, kwa hiyo kibao hicho hakitang'oka leo wala kesho.

Nzula alijifungua mwezi wa kumi, mvua za vuli zilipoanza kugonga mabati. Mtoto alikuwa msichana, naye akapewa jina la nyanya yake, Kanyiva, kama desturi inavyotaka. Nywele za Nzula zilipimwa tena wiki hiyo. Sehemu iliyoota karibuni, ile iliyo karibu na ngozi, ilikuwa imeshuka chini ya kiwango.

Hata hivyo Nzula hakutulia. Karatasi ni karatasi. Sista alimpima mtoto kila mwezi, akasema anakua sawa, lakini ile ndoto ya mtoto asiyegeuka haikumtoka. Alimtazama binti yake kila asubuhi, ukungu ukiwa mlangoni, akingoja kitu asichoweza kukitaja.

Mtoto alipofikisha miezi minne, Mwendwa aliingia asubuhi moja amebeba mfuko kutoka kwa Muchiri, wa Kinoo. Alimimina ngege watano kwenye beseni. Alichutama, akawageuza mmoja mmoja kwa makini, kama mtu anayenunua dhahabu. Akainua mmoja mdogo, si mrefu kuliko kiganja chake.

"Nzula!" aliita kwa fahari. "Leo nimekuchagulia mdogo kuliko wote!"

Na pale kwenye leso, mtoto aliposikia sauti ya baba yake, aligeuza kichwa.