Kusafisha Meno ni Shilingi Ngapi?

Fausta alikuwa akipiga mswaki nyuma ya nyumba, karibu na zizi, huku baridi ya asubuhi ya kijijini Nambis ikimng'ata vidole. Alisugua mbele, akasugua nyuma, akasukutua kwa maji ya kikombe, kisha akatema pembeni mwa migomba. Hakuna aliyemhimiza kufanya hivyo. Alikuwa msichana wa darasa la sita aliyependa usafi, na tangu akiwa mdogo hakuwahi kwenda shule bila kupiga mswaki.

Hata hivyo meno yake yalikuwa ya kahawia. Yale ya mbele yalikuwa na mistari na madoa kama ya chai ya rangi iliyomwagika kwenye kitambaa. Alikwisha kuyasugua kwa chumvi na kwa majivu. Aliwahi hata kuyasugua kwa ganda la ndimu. Hayakubadilika.

Kilichomchanganya zaidi ni binamu yake Lucia, binti wa baba yake mdogo, aliyesoma naye darasa moja. Lucia alipiga mswaki Jumapili tu, kabla ya kwenda kanisani, tena kwa kufukuzwa na mama yake. Lakini alipocheka, meno yake yalikuwa meupe kama punje za mahindi mabichi.

Jumatatu hiyo, kama kawaida, Mwalimu Evarist alikagua usafi wa wanafunzi mstarini. Alitazama kucha, nywele na kola za mashati. Alipofika kwa Fausta akamwambia afungue kinywa.

"Hukupiga mswaki," mwalimu alisema.

"Nimepiga, mwalimu."

"Meno yenyewe nayaona, Fausta. Usiongeze na uongo. Simama kule."

Fausta akaenda kusimama pamoja na wavulana wawili wenye kucha chafu. Kutoka pale alimwona Lucia akifungua kinywa, na mwalimu akitikisa kichwa kwa kuridhika na kumpita. Fausta hakulia. Alijiuliza tu kama kweli alikuwa amepiga mswaki asubuhi ile, au aliota. Alilamba meno yake, akasikia bado yana ladha ya dawa ya meno.

Jioni alimweleza mama yake, Benedikta, aliyekuwa ameketi barazani akichambua vitunguu saumu vya kupeleka mnadani. Mama alisikiliza bila kuinua kichwa. Mwishoni akasema, "Nimesikia hospitali huwa wanasafisha meno ya watu. Labda yako yanataka kusafishwa huko."

"Kusafisha ni shilingi ngapi, mama?"

"Hapo sijui, mwanangu. Tuulize."

Wakauliza. Mama alimpigia simu shangazi Oliva, aliyeishi Babati. Shangazi alisema yeye alilipa elfu thelathini. Mzee Baltazar, jirani yao aliyekuwa karani wa serikali kabla ya kustaafu, alisema alisafishwa na hakulipa hata senti. Baba, Tomaso, alitafuta kwenye simu yake na kuona tangazo la kliniki moja ya mjini. Lilisema laki mbili.

"Kitu kimoja, bei tatu," baba alisema. "Mmoja analipa, mwingine halipi, na mwingine auze ng'ombe. Hapo mimi sielewi."

"Pengine huyo wa laki mbili ana meno mengi," mama alijibu.

"Meno ya watu wote ni idadi moja, Mama Fausta."

Mama alisema wakishauza vitunguu ataweka kando kiasi fulani, ila kiasi gani, hakujua.

Siku ya mnada Fausta na Lucia walikwenda Dongobesh pamoja na mama. Mama alipanga mafungu yake ya vitunguu saumu, na wasichana wakazunguka kutazama nguo na vyombo. Karibu na wauza viatu, mtu mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa amesimama mbele ya meza yenye chupa ndogo.

"Meno ya kahawia, meno ya njano, meno ya aibu," alitangaza. "Elfu tatu tu, unaondoka mweupe."

Fausta akasimama. Alikuwa na elfu tatu na mia tano, fedha ya mayai ya kuku wake mwenyewe. Alifikiri juu ya elfu thelathini ya shangazi na laki mbili za kwenye simu. Kisha akafikiri juu ya Jumatatu inayokuja.

"Humwulizi mama kwanza?" Lucia alinong'ona.

"Mama naye hajui," Fausta alijibu, akatoa fedha.

Yule mtu alichovya pamba katika chupa, akamsugua meno kwa nguvu. Maji yale yalikuwa makali. Yalimwingia kwenye fizi kama pilipili, na machozi yakamtoka. Mtu yule akampa kioo. Fausta alijitazama, lakini palikuwa na jua kali na kioo kilikuwa na mikwaruzo. Hakuweza kujua kama meno yamekuwa meupe au ni mwanga tu.

"Yamebadilika?" alimwuliza Lucia.

Lucia alimtazama kwa muda mrefu. "Labda. Sijui."

Jioni Fausta hakuweza kula ugali. Fizi zake zilikuwa zimebabuka na kuwa nyeupe, na maji ya kunywa yalipogusa meno alihisi maumivu hadi kichwani. Meno yenyewe yalikuwa ya kahawia kama jana. Ikabidi amweleze mama kila kitu.

Mama hakufoka. "Kwa nini hukuniuliza?" alisema.

"Ningekuuliza nini, mama? Na wewe unauliza watu."

Mama alijifuta midomo kwa ncha ya khanga, kama alivyozoea kufanya kila alipokula, kwa sababu fizi zake zilitoa damu. Hilo halikumshughulisha mtu yeyote nyumbani. Mama mwenyewe alisema ni kawaida ya watu waliozaa.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Tumeuliza kila mtu isipokuwa anayejua. Kesho twende Mbulu mjini."

Kliniki ya meno ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa na kiti kirefu cha kulaza mgonjwa. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Daktari Qamara. Fausta alimwamkia, naye akaitikia marahaba huku akivaa glavu.

"Daktari, tumekuja kuuliza bei ya kusafisha meno," mama alianza.

"Bei nitakwambia, mama. Nione kinywa kwanza."

Fausta alipanda kwenye kiti. Daktari aliwasha taa, akachukua kioo kidogo chenye mpini, akakagua jino baada ya jino. Alisikitika kuona fizi zilizobabuka, akauliza kilichotokea. Fausta alieleza, sauti ikimshuka.

"Yale maji ni ya kuunguza," daktari alisema. "Hayasafishi. Usukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, zitapona. Sasa niambie, unapiga mswaki mara ngapi?"

"Asubuhi na kabla ya kulala."

Fausta alisubiri aambiwe ni mwongo. Daktari alisema tu, "Naona. Kinywa chako ni kisafi sana."

Fausta alimtazama mama, mama akamtazama daktari. "Lakini daktari, si unayaona yalivyo?" mama aliuliza.

"Nayaona. Mlikuwa mnaishi wapi alipokuwa mdogo?"

Mama alieleza kwamba Fausta alizaliwa Hanang, kule tambarare, ambako baba yake alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano. Walikaa huko mpaka Fausta alipokaribia kuanza shule, ndipo wakarudi Nambis kwa babu yake. Huko Hanang walikunywa maji ya kisima kirefu.

"Basi ni hayo," Daktari Qamara alisema. "Visima vingine vya huko vina madini mengi yanayoitwa floraidi. Madini hayo yakizidi, meno ya mtoto yanayojijenga ndani ya fizi yanapata madoa kabla hata hayajaota. Yakiota, yanatoka na rangi hiyo. Ile si taka iliyoganda juu. Imo ndani ya jino lenyewe."

"Ndiyo maana Lucia ana meno meupe," Fausta alisema polepole. "Yeye amezaliwa Nambis."

"Bila shaka. Na rangi haikuambii kama anapiga mswaki."

Mama bado alikuwa amekunja uso. "Sasa kusafisha ni elfu thelathini, au bure, au laki mbili?"

Daktari akacheka kidogo, akauliza nani alimtajia bei hizo. Mama akaeleza.

"Hawajakudanganya. Shangazi yake alisafishwa na kulipa mwenyewe kwenye kliniki ya mtu binafsi. Mzee Baltazar alisafishwa vilevile, ila bima yake ya watumishi wa serikali ndiyo iliyomlipia. Na tangazo la laki mbili halikuwa la kusafisha. Hilo ni la kung'arisha, yaani kubadilisha rangi ya meno. Ni kazi nyingine kabisa, na huyu bado mdogo kwa kazi hiyo. Akishakuwa mtu mzima, akitaka, ataamua mwenyewe. Kusafisha ni kuondoa ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye shina la jino. Hapa kwetu ni elfu ishirini. Lakini Fausta hana ugaga wa kuondoa."

Mama alifungua fundo la khanga, akatazama fedha ya vitunguu, akalifunga tena. Alionekana kama mtu aliyefika dukani akaambiwa kitu anachotaka hakiuzwi popote.

"Mama," Daktari Qamara alisema, "wakati ukizungumza nimeona damu kwenye fizi zako. Imeanza lini?"

"Ah, hiyo ni ya siku nyingi. Ni kawaida."

"Si kawaida. Kaa hapa nikutazame. Kutazama silipishi mara mbili."

Fausta akashuka, mama akakaa akiwa na aibu. Meno yake yalikuwa meupe. Watu wa kijijini waliyasifu. Lakini daktari aliyakagua kwa nyuma. Kisha akampa Fausta kioo aone. Kwa nyuma, kando ya fizi, palikuwa na ukoko wa kijivu, mgumu kama jiwe, na jino moja la chini lilitikisika lilipoguswa.

"Huu ndio ugaga," daktari alisema. "Ukiachwa, unakula fizi, na meno yanalegea moja baada ya jingine. Ukiondolewa sasa, hata hili linalotikisika linaweza kukaza."

"Tutarudi siku nyingine," mama alisema, akianza kushuka. "Hela hii ni ya mtoto."

Fausta alikuwa amengoja meno meupe kwa muda mrefu, na mpaka dakika ile sehemu fulani ya moyo wake ilitumaini kwamba daktari atakumbuka dawa nyingine. Aliutazama mkono wa mama ulioshika fundo la khanga.

"Mama, mimi sina cha kusafishwa," alisema. "Kaa wewe."

Mama alimtazama mwanawe, kisha akajilaza tena.

Mashine ililia kama nyuki. Vipande vya ugaga vilidondoka kwenye bakuli dogo, pamoja na damu. Mama aliushika mkono wa Fausta muda wote, na Fausta hakuuondoa ingawa alibanwa mpaka vidole vikafa ganzi.

Waliporudi nyumbani, baba aliacha jembe, akaja kutazama. "Fungua kinywa," alimwambia Fausta. Akatazama, akastaajabu. "Mbona ni yaleyale?"

"Nimesafishwa mimi," mama alisema.

"Wewe? Mwenye meno meupe?"

Ilibidi waeleze mara mbili, na hata hapo baba aliendelea kuuliza maswali mpaka chakula kilipoiva.

Jumatatu mama alikwenda shule na Fausta, akazungumza na Mwalimu Evarist faraghani. Mwalimu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wakati wa ukaguzi hakuanza na kucha. Alimwita Fausta mbele, na Fausta akaenda asijue anaitiwa nini.

"Wiki iliyopita nilimwita mwenzenu mchafu na mwongo," mwalimu alisema. "Hakuwa mchafu, na hakuwa mwongo. Nilitazama rangi, nikadhani nimeona uchafu. Fausta, nisamehe."

Wanafunzi hawakuwa wamewahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Fausta akasema, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti ndogo.

"Nanyi nyote mjifunze pamoja nami," mwalimu akaendelea. "Ukiona kasoro mwilini, usikimbilie kuuliza dawa ni shilingi ngapi. Nenda kwa anayejua, umuulize kwanza una nini. Asiyejua anachougua hununua chochote anachouziwa, na wakati mwingine hununua maumivu. Na mwenye meno meupe asijisifu. Mswaki ni wa kila mtu, kila siku."

Akamrudisha Fausta mstarini, akaanza kukagua kucha. Alipofika kwa Lucia na kumwuliza kama amepiga mswaki, Lucia alitazama viatu vyake, akasema hapana. Mwalimu akamwelekeza bombani akasukutue, na Fausta akamsogezea kikombe chake cha uji.