Mbege Iliyokataa Kuchachuka

Maji ya mto yaliingia katika Tangi la Nuru yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakatoka upande wa pili yakiwa maangavu kama kioo. Hapakuwa na moto wala dawa. Kulikuwa na mabamba marefu tu, yamelala chini ya kifuniko cha kioo, yakila mwanga.

Mhandisi Elirehema Lyatuu alipenda kuwaeleza wageni wa mji wa Kibosho Mpya jinsi tangi lilivyofanya kazi. Juu ya kila bamba ilioteshwa nyasi ya dioksidi ya titani, nyembamba kiasi kwamba unywele wa binadamu kando yake ungeonekana gogo. Mwanga ukiigusa, nyasi hiyo huamsha chembe za umeme, nazo huvunjavunja uchafu na vijidudu. Lakini titani peke yake hutaka miale mikali, na mlimani ukungu hukaa hata mchana. Kwa hiyo Elirehema alipandikiza vitone vya madini ya fedha kwenye ncha za nyasi. Vitone hivyo hudaka hata mwanga hafifu, tena huzuia chembe za umeme zisirudi zilikotoka. Tangu tangi lifunguliwe, na mifongo, ile mifereji ya mababu, izibwe kwa zege, homa ya matumbo ilikuwa imekwisha.

Wiki ya ufunguzi ukungu ulikuwa mzito mno. Elirehema hakutaka kuaibika mbele ya wageni, akaongeza madini ya fedha kupita kipimo alichokiweka mwenyewe. Baadaye mitambo ilimwonyesha kuwa vitone vinabanduka kidogo kidogo na kuingia majini. Hakumwambia mtu. Kiasi kile hakimdhuru binadamu, alijisemea; mabamba angeyabadilisha mambo yakitulia.

Mambo yalikuwa hayajatulia alipokwenda na ukoo wake kwa Mzee Uronu kumposea binamu yake, Kiwelu, aliyefuatana nao. Mama wa Kiwelu, Ndekusara, alikuwa shangazi yake Elirehema, na ndiye aliyemlea.

Katika mji ule roboti walipika kila kitu, hata chapati. Mbege ya posa tu, ile pombe ya ndizi, ndiyo waliyokatazwa kuigusa. Hiyo aliipika mama wa bwana harusi kwa mkono wake: ndizi, maji, ulezi uliooteshwa. Ikichachuka vizuri, watu husema moyo wake umeridhia.

Mzee Uronu alipokea kata, akaonja.

"Mama Kiwelu, umetuletea uji? Meno bado ninayo!"

Watu wakacheka. Akaonja tena, na safari hii hakucheka mtu.

"Si nilisema?" akadakia mkewe. "Huyu mama hakumtaka binti yetu. Alimtaka yule mwalimu wa Machame!"

"Si kweli, mama," alisema Ndekusara. "Binti yenu nampenda."

"Wewe unampenda mdomoni. Mbege haijui unafiki."

Ndekusara akamgeukia Elirehema. "Mwanangu, wewe umesoma. Nimekosea wapi? Ndizi ni zilezile, ulezi ni uleule."

Elirehema aliitazama mbege ndani ya pipa. Ilikuwa imetulia tuli, haina hata povu. Kinachochachusha mbege ni viumbe hai vidogo mno, na madini ya fedha hayachagui kipi ni kijidudu cha homa na kipi ni chachu. Alilijua jibu lote. Lakini dakika chache tu zilizopita wakwe walikuwa wakimshangilia kwa jina la Baba Maji, na jina lile lilikuwa bado tamu masikioni mwake.

"Labda ni baridi, shangazi," alisema, akiangalia viatu vyake.

Ndekusara akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa alimwamini. Akapiga magoti mbele ya Mzee Uronu.

"Kama nina kinyongo nisichokijua, naomba radhi. Msimnyime mwanangu mke kwa ajili yangu. Mbege ya ukoo sitaipika tena."

Hapo Elirehema akasimama. Aliyasema yote: vitone, ukungu, kipimo alichokipita. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kana kwamba anajisomea shtaka.

"Ulijua saa ngapi?" aliuliza Mzee Uronu.

"Ulipoonja."

"Na ukasema ni baridi."

Mzee Uronu akainama, akamwinua Ndekusara kwa mikono miwili. "Mama, tumekutukana bure. Pika tena, kwa maji ya chemchemi. Binti ni wenu." Kisha akamtazama Elirehema. "Wewe Baba Maji, kesho njoo na sururu uuzibue mfongo. Na watu wote wa mji uwaambie kama ulivyotuambia sisi."

Vigelegele vikapigwa. Mke wa Uronu akaja kumkumbatia Ndekusara, wakalia pamoja.

Ndekusara alipotoka, Elirehema alimfuata hadi barazani. Shangazi alikuwa anajikung'uta vumbi la magotini.

"Shangazi, nisamehe."

"Wale nimewasamehe," alisema Ndekusara taratibu. "Hawakujua."

Elirehema alikuwa amesimama karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote. Ndekusara akaita kwa sauti, akimtaka Kiwelu atoke huko ndani aje kumshika mkono ashuke ngazi.