Bi Sijui na Mashati Meupe

Kila siku akitoka shule, binti wa dobi alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa: kutia nyuzi. Kila mteja wa mama yake alikuwa na rangi yake. Mwalimu mkuu alikuwa na uzi mwekundu, dereva wa basi uzi wa kijani, mwoka mikate wa njano, na mpimaji wa maabara ya zahanati wa buluu. Shati likiletwa, binti alilitia mishono miwili ndani ya kola, ndipo liingie majini; likirudishwa kwa mwenyewe, uzi ulifumuliwa.

"Shati lisilo na uzi ni mtoto asiye na kwao," Mama alipenda kusema. "Likipotea, hujui ulirudishe wapi."

Nyumbani binti huyo hakuitwa sana kwa jina lake. Bibi yake alimwita Bi Sijui, na jina likanata. Ulipomuuliza akikua atafanya kazi gani, jibu lilikuwa lilelile: "Sijui." Si kwamba hakujaribu, jamani! Mwaka huo peke yake alikwisha kuwa mshonaji kwa siku mbili, msusi mpaka binamu yake alipoangua kilio, na rubani mpaka alipopanda ngazi ya jirani akaogopa kushuka.

"Rubani wa ngazi!" Bibi alicheka siku ile mpaka akashika mbavu. "Haya shuka, Bi Sijui, abiria wanakungoja."

Lakini wiki hiyo mzaha uligeuka mzigo. Mwalimu wa darasa aliwagawia karatasi yenye swali moja: Ungependa kufanya kazi gani, na kwa nini? Karatasi zilitakiwa Jumatatu. Ijumaa ya wiki ile kila mwanafunzi angepelekwa kutembelea watu wa kazi aliyoiandika.

"Na asiyeandika kitu?" mmoja aliuliza.

"Atabaki darasani na mimi tufute madawati," mwalimu alijibu, na wote wakacheka isipokuwa Bi Sijui.

Rafiki yake aliandika "muuguzi" papo hapo, bila hata kuinua kalamu. Bi Sijui alirudi nyumbani na karatasi tupu. Alikaa kando ya beseni, kichwa kimejaa kazi za watu wengine, akawa anachukua shati moja moja na kulitumbukiza majini. Sindano na nyuzi zilibaki ndani ya mkebe wake. Hakuzikumbuka hata mara moja.

Alizikumbuka Jumamosi asubuhi, alipokuwa anaanua nguo. Mashati kumi na manne, yote meupe, yalikuwa yanapepea kwenye kamba kama mapacha. Alilitazama la kwanza ndani ya kola. Hakuna uzi. La pili, hakuna. Na wateja wangekuja alasiri hiyohiyo.

Aliukimbilia mkebe, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano. Angeweza kuyatia rangi yoyote, na nani angejua? Lakini mkono ulikataa. Akilini alimwona mwalimu mkuu amesimama mbele ya shule nzima, shati la dereva linamning'inia mpaka magotini. Akaiweka sindano chini, akaingia ndani.

"Mama, nimekosa," alisema, na machozi yakamtangulia. "Mashati ya jana sikuyatia nyuzi hata moja."

Mama aliweka pasi pembeni, akaketi.

"Mwanangu, umenimaliza," alisema. "Dobi akimvisha mtu shati la mwenzake mara moja tu, mtaa mzima unalisikia. Kesho watapeleka nguo zao kwingine. Lakini umeniambia mwenyewe, sikugundua mimi. Hilo nimeliona. Sasa tufanyeje?"

Bi Sijui alijifuta pua kwa mkono. Alikuwa anaitazama mikono ya shati lililokuwa juu ya meza ya pasi.

"Mama, hili ni la mwalimu mkuu."

"Umejuaje?"

"Yeye anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Tazama, pindo la mkono wa kushoto limechakaa kwa kusugua ubao. La kulia bado zima."

Mama alilichukua, akaligeuza, akalipeleka dirishani. Kweli bwana! Bibi, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, aliacha kuchambua.

Wakayatandaza yote kitandani. Bi Sijui alipita moja baada ya jingine, pua inakaribia kugusa kitambaa. Mashati yenye alama nyembamba inayong'aa kutoka begani kwenda kiunoni yalikuwa ya dereva, maana mkanda wa kiti ulikuwa umeyasugua. Yenye vitundu vidogo vya kuungua kwenye mikono yalikuwa ya mwoka mikate, anayeingiza mikono kwenye tanuri. Matatu yalikuwa na vidoa vya zambarau kwenye mapindo ya mikono, vidogo kama punje za mchanga. Mama alikuwa amevisugua kwa miaka bila kuvitoa.

"Haya ni ya mpimaji," alisema Bi Sijui. "Hivyo vidoa havijawahi kuwa kwenye shati la mtu mwingine."

"Ala!" Bibi alisema. "Mtoto huyu ana macho au ana taa?"

Ilipofika saa saba, mashati kumi na mawili yalikuwa na wenyewe. Mawili yalibaki, mapya kabisa, bila doa wala mkwaruzo. Bi Sijui aliyageuza mpaka akachoka.

Wakati huo mpimaji alibisha hodi, amewahi kuliko wenzake. Mama hakumficha kitu. Alimweleza kosa lote, kisha akamwonyesha yale matatu. Mpimaji alivaa miwani, akavitazama vidoa vya zambarau, halafu akamtazama Bi Sijui.

"Hii ni rangi tunayotia kwenye kipande cha kioo ili vijidudu vionekane," alisema. "Miaka yote hii sikujua kwamba narudi nayo nyumbani. Na hayo mawili ni ya nani?"

Bi Sijui aliinamisha kichwa. "Sijui."

"Tumerudi kulekule," Bibi alinong'ona.

Lakini mpimaji hakucheka. "Sijui, halafu?"

"Halafu..." Bi Sijui alifikiri. "Halafu ngoja nipime."

Aliuchukua utepe wa kupimia, akapima mikono ya yale mawili, kisha ya mashati yaliyokwisha kujulikana. Mikono ya moja ililingana na ya mwoka mikate, mwenye mikono mirefu kuliko wote. Ya jingine ililingana na ya mwalimu mkuu. Alasiri mwoka mikate na mwalimu mkuu walipofika, Mama aliwaambia ukweli na kuwaomba wayajaribu. Yaliwakaa sawasawa, na wote wawili walikiri kwamba yalikuwa mapya, wameyanunua mwezi uleule.

Mapema kidogo, mpimaji alipokuwa anaondoka, aliiona ile karatasi tupu mezani, akaisoma.

"Niandike mpimaji?" Bi Sijui aliuliza haraka.

"Usiandike ili kunifurahisha mimi," alijibu. "Kwetu kila siku tunaanza na 'sijui'. Mgonjwa anaumwa nini? Sijui, ngoja nitazame. 'Sijui' si aibu, binti yangu. Aibu ni 'sijui' inayokaa kitako. Yako imesimama, ikashika utepe."

Jioni hiyo Bi Sijui aliandika: Bado sijui jina la kazi yangu. Ninapenda kutazama vitu kwa makini mpaka vijieleze. Naomba kutembelea maabara. Mwalimu aliisoma Jumatatu mara mbili, akaitia sahihi.

Ijumaa aliweka jicho kwenye hadubini kwa mara ya kwanza, na hakutaka kuliondoa. Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu. Aliketi kando ya nguo chafu, akafungua mkebe wake na kutunga uzi wa kijani.

"Haya, Bi Sijui," Bibi alimchokoza. "Ndiyo tumepata mpimaji?"

"Sijui bado, Bibi. Ila wameniambia nirudi wakati wa likizo, na nimekubali kabla hawajamaliza kusema."

Bibi alicheka, akamvuta na kumkumbatia na sindano yake mkononi. Mama aliacha kukamua nguo.

"Nilikuwa nakuuliza vibaya, mwanangu," alisema. "Kila siku nakuuliza utakuwa nani. Kumbe ningetazama unachofanya bila kutumwa, na usichochoka kukifanya. Njia ya mtu huanzia hapo. Jina la kazi litakuja lenyewe, mradi usikae ukilingoja."

Kisha akaonyesha shati lililokuwa mapajani mwa binti yake. "Na hilo usilitie majini kabla ya uzi."

"Nimelitia uzi tayari, Mama," alisema Bi Sijui, akaigeuza kola ili mama yake aone.