Hatua Elfu Kumi na Moja za Mume Wangu

"Jana katembea hatua elfu kumi na moja!" muuguzi alisema, macho kwenye kompyuta. "Wiki ya nne ya mionzi ya kichwa! Baba, unatuaibisha sisi wazima."

Mume wangu akanigeukia taratibu. Ni fundi cherehani. Hata kabla ya uvimbe kuota kwenye ubongo wake, hatua elfu tatu kwa siku kwake zilikuwa safari.

"Dada, jana nimetoka kitandani mara mbili," alisema. "Zote kwenda chooni. Ya pili nilishikwa mkono."

Mimi nasambaza vifurushi kwa miguu. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia pale.

"Ile bangili mliyompa ya kuhesabu hatua niliivaa mimi," nilisema. "Kila asubuhi akisinzia, namvua."

"Kwa nini, mama?"

"Mlisema hatua zikipungua daktari ataambiwa. Nikajua mtamkatizia matibabu."

Muuguzi akavua miwani.

"Huu si mtihani, mama. Zikishuka ghafla, tunashuku ubongo umevimba, tunampa dawa mapema."

Nilitamani ardhi ipasuke. Siku tisa mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiburuzika, nami namwambia ni uchovu tu.

"Mke wangu," alisema polepole, "umempelekea daktari mume mwingine. Mzima. Huyu mgonjwa ukamficha."

"Niliogopa kukupoteza."

"Hata mimi naogopa! Sasa kila mtu aogope kivyake, humo humo ndani ya nyumba moja?"

Nililia mbele za watu, kamasi na yote. Daktari akaja, akampima, akamwandikia dawa. Tumechelewa, alisema, ila si sana.

Kwenye korido mume wangu akaninyooshea mkono.

"Nivishe hiyo bangili. Halafu nihesabie kwa sauti, na usiniongezee."

"Ukichoka je?"

"Nitakuegemea. Miguu ya elfu kumi na moja itashindwa kunibeba?"

Nikacheka na machozi yangu. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Jioni, nyumbani, nikamwandikia muuguzi ujumbe: "Leo hatua 64. Zote zake."

Kabla sijautuma, mume wangu akainuka kitini. Akaushika ukuta, akauburuza mguu hadi nilipokaa, akanibusu.

"Futa hiyo," akasema, akihema. "Andika sitini na tisa."