Bugali wa Saa Saba

Kila alasiri Glodie hutoka mbio na bidoni tupu mkononi, akishindana na pikipiki kutoka kwao mtaa wa Bigo mpaka kwenye robine, bomba la maji. Majirani wote wanamjua. Parsele yao, yaani kiwanja wanachokaa, ina familia nne, ua mmoja na choo kimoja, na siri haipati pa kulala. Glodie na mama yake, Anastasie, walifika hapo walipokimbia vita Djugu. Mlango wa pili anakaa mama Musoki, mtu wa Butembo, anayeuza juisi ya manjano ya matunda ya marakuja mbele ya lango.

Jumamosi ile Glodie alikuwa akimbie mita mia mbili kwa ajili ya shule yake, saa nane mchana. Mwalimu Théodore, anayefundisha biolojia na michezo, alikuwa amewaonya wanafunzi wake: "Kuleni asubuhi, tena kidogo. Ikishafika saa nne, mtu asiguse sahani."

Lakini saa saba mama Anastasie aliepua sufuria za wageni wa kanisani, na harufu ya maharage ikamshinda Glodie. Tena alijiambia kwamba bugali utamtia nguvu miguuni. Akala haraka haraka nyuma ya jiko, akanawa mikono, akaondoka. Langoni mama Musoki akampa kikombe cha juisi.

"Kunywa, mwanangu. Ukawashinde!"

Mita mia za kwanza Glodie aliongoza. Halafu tumbo likajikaza, mapaja yakawaka moto, pumzi ikakatika. Wasichana wanne wakampita. Alipovuka mstari alianguka, akatapika maji ya manjano.

Bijou, jirani wa mlango wa tatu, alikuwa palepale. "Iko manjano! Ni juisi ya Musoki! Wamemupa mutoto sumu!"

Mwalimu alimpumzisha Glodie kivulini, kisha akampeleka nyumbani kwa pikipiki. Maneno yalikuwa yamewatangulia. Langoni palijaa watu. Meza ya mama Musoki ilikuwa imelala miguu juu, na juisi ilikuwa imemwagwa mavumbini.

"Anamuonea mutoto wivu!" Bijou alipaza sauti. "Ahame leo leo!"

Mama Musoki akamkabili Bijou. "Mimi? Mutoto niliyemubeba mugongoni mpaka hospitali, alipokuwa na malaria na mama yake yuko sokoni? Weye Bijou, jana ulikunywa juisi yangu. Umekufa?" Akachukua jagi moja lililonusurika, akajaza kikombe, akanywa chote mbele yao. "Mutazame basi!"

"Alikunywa kwanza dawa ya kujikinga," Bijou akajibu, na watu wakaitikia kwa vichwa kana kwamba huo ni ushahidi.

Sasa mtu angejitetea vipi? Asipokunywa ana sumu, akinywa ana dawa! Hata mama Anastasie alimtazama jirani yake kana kwamba hajapata kumwona. Jicho hilo lilimuuma Glodie kuliko tumbo. Wote wanapiga kelele, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenye tumbo! Ila yeye mwenyewe alijua, na kwa kumwogopa mwalimu alikuwa kimya tangu uwanjani.

"Nilikula bugali!" alipiga kelele. "Saa saba, matonge matano, na maharage. Nilijificha nyuma ya jiko. Mama Musoki hana kosa!"

"Matonge matano, saa moja kabla ya mbio?" mwalimu aliuliza. Kisha akawageukia watu, na sauti yake haikuwa ya darasani. "Basi sikilizeni, ninyi mliokuwa tayari kumfukuza mtu bila kuuliza. Mtu akikimbia kwa nguvu zote, ubongo unaamuru misuli, na misuli inadai oksijeni na sukari. Mapafu yanavuta hewa haraka, moyo unapiga mara mbili ya kawaida na zaidi, na damu inakimbizwa miguuni. Inapunguzwa wapi? Tumboni! Tumbo lililojaa linakosa damu ya kusaga chakula, basi linarudisha. Oksijeni ikipungua, misuli inajitafutia nguvu bila hiyo, ndiyo maana mapaja yanawaka. Juisi imetoka kwanza kwa sababu iliingia mwisho. Sumu iko wapi hapo?"

"Mimi nilisema tu kitu nilichoona," Bijou alinung'unika.

"Uliona manjano," mama Musoki akamjibu. "Sumu uliiongeza weye. Na ulitangaza toka uwanjani mpaka hapa. Sasa rudi njia hiyo hiyo, mulango kwa mulango, useme ulidanganya."

Bijou akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Nusu ya watu wakamfuata, maana Bigo hakuna anayekubali kukosa safari kama hiyo.

Mama Anastasie akainua meza, akaifuta kwa mkono wake. "Unisamehe, mama Musoki. Nimekaa na weye miaka mitatu, na leo nikakutilia shaka."

"Nitakusamehe," mama Musoki alisema. "Lakini si leo."

Glodie akaanza kulia. Mwalimu Théodore akachuchumaa mbele yake.

"Kosa la chakula mwili wenyewe umekuadhibu, na mbio nyingine zipo. Kosa kubwa ni muda ule wote ulionyamaza wakati mtu anaharibiwa jina. Siku nyingine, ukiwa unajua ukweli, useme kabla meza haijapinduliwa."