Mguu wa Breki

Hebu niambie, wewe unayesoma: mtu aliye chini ya gari akikuambia ushikilie breki, ukashikilia, ni nani mwenye haki ya kukuambia uachie?

Usikimbilie kujibu. Mimi nilijibu haraka, na angalia nilipofika.

Naanza na gari. Ni la Kijapani, la milango miwili, boneti ndefu kama ulimi wa mmbea, silinda sita zimejipanga mstari mmoja. Lilitoka kiwandani mama yangu akiwa bado msichana. Baba mdogo alilipata kwa dalali mmoja wa magari, mtu mnene mwenye maneno ya asali, ambaye jioni ya kulileta alishuka kwenye lori akichechemea. Lilikuwa limelala miaka mingi katika banda la mjane fulani, mitaa miwili juu ya kwetu. Kutu ilikuwa imelitafuna sakafu. Panya walikuwa wamezaa ndani ya viti. Lakini lile umbo... Nililizunguka mara moja tu, nikajua nimekwisha.

Na nafasi ya kupenda chuma nilikuwa nayo. Nina digrii ya uhandisi wa mitambo, first class, picha ya joho iko ukutani inaliwa na vumbi. Tangu nilivue hilo joho ni miaka mitatu ya "Dear applicant, we regret to inform you". Wanataka experience. Experience inapatikana kazini, na kazini huingii bila experience. Aliyeitunga hiyo hesabu angekuwa mwanafunzi wangu ningempa sifuri.

Baba alifariki, mimi na mama tunaishi vyumba viwili vya nyuma kwa baba mdogo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu likawa spana.

Miezi sita. Nilikata sakafu iliyooza, nikachomelea bati jipya. Nilipiga puti, nikapiga msasa, nikapiga puti tena mpaka vidole vikapoteza alama. Kabureta zake tatu nilizifungulia juu ya meza ya jikoni.

"Hili gari lina maini mangapi?" mama aliniuliza. "Kila nikifunua sufuria nakutana na kiungo."

"Vumilia mama. Likitembea, nami natembea."

Maana ahadi ndiyo ilikuwa hiyo. Baba mdogo alisema gari likitembea ataniunganisha na rafiki yake, mkubwa wa kiwanda kimoja. Connection, basi. Digrii ilikuwa ya kupigia picha.

Zilibaki breki. Ukishabadilisha mabomba ya breki, upepo unaingia ndani, na breki yenye upepo ni sawa na kukanyaga mto wa pamba. Kuutoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, mwingine analala chini juu ya gunia, karibu na gurudumu. Wa chini anasema "kanyaga", wa juu anapampu. Anasema "shikilia", wa juu anakandamiza na kutulia. Wa chini anafungua nati ndogo, upepo na mafuta vinatoka, pedali inazama. Akishafunga ndipo anasema "achia".

Sheria ni moja. Huachii mpaka uambiwe. Ukiachia kabla, unaharibu kila kitu, unavuta upepo ndani upya. Hata ukiumwa na siafu unashikilia.

Siku zote chini nalala mimi, baba mdogo anakaa kitini. Ila wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, jioni nisiyokuwepo, dalali alikuja "kuangalia maendeleo", wakajaribu breki wao wawili. Kesho yake jioni baba mdogo akaanza kuchechemea. Gauti, alisema. Na tangu siku hiyo kila giza likianza kuingia alikuwa anajifungia chumbani, hatoki hata kula.

Dalali nilimwona sokoni wiki hiyohiyo. Alikuwa anaruka mitaro kama mbuzi.

Sikuunganisha. First class, na sikuunganisha.

Jioni yenyewe alinituma dukani nikanunue mafuta ya breki. Jua lilikuwa limeshuka kwenye mapaa. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni pa gereji, mkono mmoja ukutani, anatoka jasho.

"Leo kaa wewe," alisema. "Chini nalala mimi."

"Na gauti?"

"Gauti iko mguuni, haiko mgongoni."

"Baba mdogo, wewe nati hujui inafungukia upande gani."

"Injinia." Aliniita hivyo akitaka kunikata maneno. "Kaa. Giza linaingia."

Nikakaa. Miaka minne ya thermodynamics, leo nimekuwa mguu. Akanifungia mlango. Akasema anafuata taa, atarudi aingie chini moja kwa moja, nisikilize tu.

Hapa ndipo ninapojilaani. Juzi yake nilikuwa nimeng'oa vishikio vya ndani vya milango yote miwili, na mikono ya kupandishia vioo, nikavipeleka vikapakwe nikeli. Vioo vilikuwa juu. Mlango ule ulifunguka kwa nje tu. Ni mimi niliyeufanya hivyo, kwa mikono yangu, kwa kupenda vitu ving'ae.

Nikasikia gunia likiburuzwa chini ya gari. Upande wa nyuma, kushoto. Ndiko tunakoanzia, gurudumu la mbali kabisa.

"Kanyaga."

Sauti ilikuwa ndogo. Kama ya mtu aliyelaliwa kifuani. Nikasema moyoni, mzee amebanwa na tumbo lake.

"Nimekanyaga."

"Tena."

Nikapampu. Pedali ikaanza kuwa ngumu.

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Kri... Nati ikafunguka. Pedali ikazama polepole chini ya kiatu changu, kama inavyotakiwa. Ikafika sakafuni.

Nikasubiri.

Harufu ikaja. Mafuta ya breki nayajua, yana utamu fulani wa kichefuchefu. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa chuma na nywele zilizolowa. Ilipanda kupitia sakafu niliyoichomelea mwenyewe, sakafu isiyo na tundu hata la sindano.

"Umefunga?" niliuliza.

Nikagonga sakafu kwa mguu wa kushoto.

"Baba mdogo... niachie?"

"Shikilia."

Karibu zaidi safari hii. Si gurudumu la nyuma tena. Chini ya kiti changu.

Halafu mlango mdogo wa gereji ukafunguka, mwanga ukaingia, na nyuma ya mwanga akaingia baba mdogo. Taa mkononi. Shati safi. Hakuna vumbi hata mgongoni.

Nilimtazama kupitia kioo cha mbele.

Hakuinama kuangalia chini ya gari. Hilo sitamsamehe. Mtu asiyejua angeinama.

Alisogea mpaka kwenye kioo cha upande wangu, akanong'ona: "Amekwambia ushikilie?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akashusha pumzi. Akaukita mguu wake wa kulia sakafuni, taratibu. Akauinua. Akaukita tena, akauinua, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Nikaona machozi yanamtoka.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi nina watoto wadogo."

"Nifungulie."

"Nisamehe."

Akazima taa.

Akatoka.

Nikasikia komeo, kisha kufuli.

Nilipiga kioo kwa viwiko. Nilipiga honi, nikakumbuka betri niliitoa mwenyewe. Nilijaribu kuinua mguu. Haukuuma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ulikuwa kama si wangu, kama umechomelewa. Goti lilinyooka lenyewe, wayo ukabana, na kila nilipovuta kwa mikono, sauti ilisema neno lilelile, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mwenzake kazini. Shikilia. Kidogo tu. Shikilia.

Pedali ilikuwa imeshafika mwisho. Bado ikaendelea kuzama.

Mama ndiye aliyenitoa. Alikuja kuniita nile, akavunja komeo kwa nyundo yangu, akafungua mlango kwa nje.

"Shuka. Unakaa gizani unafanya nini?"

"Mama, mguu."

Hakuuliza swali la pili. Alinikumbatia kiunoni, akavuta mpaka tukaanguka wote wawili kwenye zege. Mguu ulitoka. Kiatu kilibaki. Kilibaki juu ya pedali, kitupu, na pedali ikabaki chini, imekandamizwa.

Mama akamulika kwa simu chini ya gari. Kulikuwa na gunia. Spana juu yake. Mpira wa kutolea upepo ulikuwa umechomekwa kwenye nati, na kichupa chake kilikuwa kimejaa kitu cheusi mpaka shingoni.

"Nani alikuwa huku?" mama alinong'ona.

Kesho yake nilienda kwa mjane. Nilikuwa natembea vizuri, asubuhi mguu ni mguu. Alifungua mlango kidogo tu. Mama mtu mzima, kanga imefungwa vizuri. Hakunitazama uso, alinitazama mguu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani amekukalisha?"

"Baba yangu mdogo."

"Na yeye alikalishwa na dalali." Akaguna. "Na dalali nilimkalisha mimi."

"Mama, nini kiko chini ya lile gari?"

Aliegemea fremu ya mlango. Kisha akasema mumewe alilijenga gari lile kwa miaka kumi na moja, kila jioni akitoka kazini. Jioni ya breki yeye mkewe alikaa kitini. Mume akasema shikilia. Stendi iliyoinua gari ikateleza. Gari likashuka kidogo tu, alisema, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti. Yeye akadhani ni kawaida. Hakuambiwa aachie, basi akashikilia. Alishikilia mpaka majirani walipokuja na jeki.

"Alikuwa bado anasema?" niliuliza.

"Hilo ndilo sijui, binti yangu. Siku ile nilikuwa namsikia. Watu walioniona wanasema alikufa palepale."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Tafuta mtu." Akaanza kufunga mlango. "Usichelewe. Mguu ukizoea, unapanda nyonga."

Ndiyo, nimeelewa. Sijui ni mzimu, sijui ni uchawi, sijui kama ni yule marehemu au ni kitu kilichojifunza sauti yake. Ninachojua ni utaratibu. Mkubwa anashikwa, anatafuta mdogo wa kumkalisha, anaondoka akiruka mitaro. Huo utaratibu siyo mgeni kwangu, nimeusomea nchi nzima bila kwenda chuo.

Sasa kila jua likizama, popote nilipo, mguu wangu wa kulia unashuka. Unakanyaga. Unabaki hapo mpaka alfajiri.

Na baba mdogo ahadi yake aliitimiza, usimseme vibaya. Wiki iliyofuata niliitwa kiwandani kwenye usaili. Saa nane mchana. Wakachelewa. Wakaniingiza ofisini jua likiwa limegusa dirisha, watu watatu nyuma ya meza. Walinipenda. Mmoja alisema hajawahi kusikia msichana akieleza kabureta namna ile. Walisimama, wakanyoosha mikono.

"Hongera, karibu kazini. Unaweza kwenda."

Nikabaki nimekaa.

"Dada? Tumemaliza."

Nikatabasamu. Nikawaambia naomba dakika moja. Chini ya kiti changu, kwenye zulia la ofisi ya watu, nikasikia gunia likiburuzwa.

Mlinzi na katibu ndio walioniburuza nje na kiti changu. Barua ya kazi haikuja. Mguu nao umeanza kupanda, sasa hivi ganzi iko gotini.

Mama anajua dawa. Nilimweleza alivyosema mjane, na tangu siku hiyo ananizunguka na sentensi moja. "Mimi nimeishi, mwanangu. Niache nikae." Jana nilimkuta gerejini, mkono uko kwenye mlango wa gari. Nilimvuta kwa nguvu mpaka nikamchubua mkono. Leo nimelala kwa kufunga chumba kwa kufuli, mama ndani, ufunguo shingoni mwangu. Sitaweza kumfungia kila siku. Na hao walionitangulia kwenye kiti wanalijua hilo, ndiyo maana wametulia majumbani wanasubiri.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi watatu. Mama mjane, hukuomba balaa lile, lakini ulilijua na ukalipandisha kwenye lori. Dalali, ulichukua kamisheni yako juu ya mguu wa mtu. Baba mdogo, wewe ulinibeba nikiwa mchanga. Gari liko palepale, juu ya stendi nne, mlango hauna komeo. Kesho jioni, kabla jua halijagusa mapaa, nataka mmoja wenu awe amefika.

Pigeni kura, pigeni kelele, pigeni magoti, sijali. Mmoja wenu aje akae kwenye kile kiti, aweke mguu wake.