Dakika Hamsini za Bi Saa

Nyumbani kwao kila mtu alikuwa hoi. Mama alirudi kutoka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli anakofanya kazi, miguu imevimba kwa kusimama kutwa, akajibwaga kitini kabla hata ya kuvua viatu. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa ameegemea cherehani yake bila kushona chochote. Mwenye nguvu za kusumbua wenzake alikuwa mmoja tu, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Saa.

Jina hilo alilipata tangu alipozawadiwa saa ya mkononi kwa kuongoza darasani. Alitangaza saa bila kuulizwa: saa ya kuanua nguo, saa ya kulala, hata saa ya wageni kwenda kwao. Watu walimcheka, lakini walimwamini. Katika nyumba ile hakuna aliyejisumbua kutazama saa nyingine.

Wiki hiyo alikuwa na kazi kubwa zaidi. Mama mdogo alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka saba bila kujaliwa. Mara mbili madaktari wa kliniki ya uzazi walitoa mayai yake, yale madogo ambayo kila mwanamke anayo tumboni, wakajaribu kuyatungisha maabara. Mara zote mbili haikuwa. Hii ilikuwa mara ya tatu, na mama mdogo alikwisha kusema kwamba hana nguvu ya kwenda ya nne.

Kila jioni mama alimchoma sindano, na Bi Saa akaandika saa katika daftari la kliniki. Sindano ya mwisho ilikuwa ya Alhamisi, saa mbili kamili usiku. Nesi aliisisitiza hiyo kuliko zote.

"Hii ndiyo inayokomaza mayai," alisema. "Saa thelathini na sita baadaye, Jumamosi asubuhi saa mbili, tutayatoa. Isiwahi, isichelewe."

Alhamisi hiyo mama alishindwa kukaa macho. "Bi Saa, niamshe ikifika saa mbili," alisema huku akipiga miayo.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Saa iko kwangu."

Kumbe saa yenyewe ilikuwa na ugonjwa. Tangu wiki iliyotangulia ilikuwa ikibaki nyuma, na kila asubuhi Bi Saa aliirekebisha kimyakimya kwa kufuata kengele ya shule. Hakumwambia mtu. Bi Saa mwenye saa mbovu angeitwa nani tena?

Mishale ilipoonyesha saa mbili kamili, alimwamsha mama. Sindano ikachomwa, naye akaandika kwa mwandiko wake mzuri: 2:00. Kisha akatoka uani kuosha vikombe. Hapo ndipo redio ya jirani ilipotangaza taarifa ya habari ya saa tatu usiku.

Bi Saa alitazama mkono wake. Saa yake ilisema saa mbili na dakika kumi.

Sindano haikuchomwa saa mbili. Ilichomwa saa tatu kasoro dakika kumi, dakika hamsini baada ya wakati wake. Alirudi ndani mbio, akamkuta mama amekwisha kulala palepale kitini. Mama mdogo alimtazama kwa macho mazito, akatabasamu.

"Asante, mwanangu. Leo ndiyo nitapata usingizi."

Bi Saa alisogeza mishale ya saa yake mbele, akalifunika daftari. Nitasema kesho, alijiambia.

Lakini Ijumaa asubuhi mama aliwahi kazini, na mama mdogo aliamka akiimba, jambo lililokuwa halijasikika kwa miezi. Nani angemkatiza? Kusema kukasogezwa hadi mchana, mchana hadi jioni. Darasani mwenzake alimuuliza saa ngapi, akajibu kwamba anaumwa kichwa. Na kweli kilimuuma. Siri ile ilimchosha kuliko kubeba ndoo ya maji.

Jumamosi saa moja na nusu walikuwa kliniki. Mume wa mama mdogo, dereva wa lori, alifika alfajiri akitoka safari, sasa alikuwa akikoroma kwenye benchi. Nesi alipokea daftari, akalisoma, akaweka alama ya vyema.

"Saa mbili kamili. Safi sana."

Mwanamke mwenye kofia ya maabara alikuja kuhakikisha jina la mama mdogo. Huyo ndiye mtaalamu anayeyachunguza mayai. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyepumzika. Alikaa karibu na Bi Saa, akanyoosha mgongo.

"Wewe ndiye mwandishi wa daftari? Una mwandiko mzuri kunishinda."

"Shikamoo, dokta," Bi Saa alisema kwa sauti ndogo. "Eti, yai zuri unalijuaje?"

"Marahaba. Nalitazama kwa hadubini, moja baada ya jingine. Yai lililokomaa hutoa kijipunje kidogo pembeni, kama kifungo cha shati. Lisilo nacho bado halijawa tayari. Kisha naangalia umbo lake, ganda lake, na kama lina madoa ndani. Hata hivyo, lenye sura nzuri huweza kuniangusha, na lenye sura mbaya likanishangaza."

"Na yakitolewa kabla ya wakati wake?"

"Mengine huwa hayana kijipunje. Hapo naandika kwamba hayajakomaa."

"Hata kama mwenyewe analia?"

"Hasa akilia. Nikimdanganya leo, kesho atalia mara mbili."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro dakika kumi. Mlango ukafunguliwa, na nesi akamwita mama mdogo. Yeye akasimama, amevaa gauni la hospitali lililompwaya, akavuta pumzi.

"Ngojeni!" Bi Saa aliruka. "Saa yangu ni mbovu! Sindano haikuchomwa saa mbili. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Nilijua usiku uleule, nikaogopa."

Hata dereva aliacha kukoroma. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Siku mbili, mwanangu? Umetutazama usoni siku mbili ukanyamaza?"

Mama mdogo alimtazama tu, na Bi Saa akaona afadhali angemchapa.

Daktari aliitwa. Aliuliza mara mbili, akahesabu kwa vidole, kisha akasema chumba kitangoja: wataanza saa tatu kasoro dakika kumi. Mtaalamu wa maabara alimpa Bi Saa kalamu.

"Futa mwenyewe, uandike ukweli."

Alipiga mstari juu ya 2:00, akaandika 2:50. Mama mdogo alirudi kukaa, akavuta pumzi ndefu, kisha akapapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi.

"Njoo ukae hapa. Tuzingoje hizo dakika zako pamoja."

Yapata saa tano, mama mdogo akiwa amekwisha kutolewa mayai na kuzinduka, mtaalamu alitoka maabara.

"Mayai tisa," alisema. "Saba yamekomaa, mawili bado. Siwaahidi mtoto, safari ingali ndefu. Lakini hayo saba nimeyaona kwa macho yangu."

Mama mdogo alilia bila kujificha. Mara ya pili walipata mawili tu.

"Na kama ningenyamaza?" Bi Saa aliuliza.

"Sijui. Labda yangekuwa saba vilevile, labda matatu. Siandiki nisichokiona." Mtaalamu aliinama, macho yao yakakutana. "Sikiliza, binti. Saa kuchelewa si kosa. Saa huchoka, hata mimi nimechoka. Kosa lilikuwa kuliacha daftari liseme uongo. Sisi hapa tunayafuata maandishi ya watu tusiowaona. Mtu akisema 'nimekosea' mapema, kuna la kufanya. Akichelewa, hubaki pole tu."

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," mama mdogo alisema kwa sauti nzito ya dawa ya usingizi. "Kumbe mimi nimefichiwa humohumo nyumbani!"

Mama akaangua kicheko, dereva naye, na nesi akageukia ukuta kuficha chake. Bi Saa alicheka huku akifuta machozi.

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusamehe. Ila ulinikasirisha, usidhani sivyo." Alifumba macho. "Haya, Bi Saa, sasa ni saa ngapi?"

Msichana alitazama mkono wake kwa mazoea, kisha akaivua ile saa, akaitia mfukoni.

"Sijui," alisema. "Ngoja nikaulize."